Vyombo Visivyo na Masizi

Watu wa Ushetu hawana mchezo na kitu cha kuazima. Chungu cha jirani ukikirudisha na ukoko, jirani hasemi neno. Anakipokea, anashukuru, na siku utakapokwenda tena kukiomba utaambiwa kina ufa. Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na nne, vyombo vya sayansi vya Shule ya Kati ya Nyamigunga vilipokaribia kukaguliwa, hakuna aliyeuliza vifanyweje. Kila mtu alijua.

Mwalimu Donatus alijua pia, ingawa siku hizo kujua na kutojua kwake vilikuwa karibu sawa. Alikuwa Mzinza wa upande wa Geita, mrefu, mabega yameanza kuinama kabla ya wakati wake, na ndiye aliyefundisha hesabu na sayansi kwa madarasa ya juu. Mdogo wake Marcel alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika shimo la dhahabu. Tangu amzike, Donatus hakuwa amelia, hakuwa amecheka, wala hakuwa amegombana na mtu. Alikula akipewa, akisalimiwa aliitikia. Watu wema walisema ana moyo wa subira. Wengine walisema hana moyo kabisa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameingiwa na ganzi, na mwenye ganzi haumwi, kwa hiyo hakuona la kulalamikia.

Marcel hakuangukiwa na jiwe, kama wanavyokufa wachimbaji wengi. Aliteremka kufuata sururu zilizoachwa chini ya shimo la zamani, shimo lililolala masika nzima bila kuchimbwa, na hewa mbaya ilikuwa imejikusanya huko chini. Alipofika chini alijiinamia kama mtu aliyechoka, akalala. Mwenzake akateremka kumwamsha, naye akalala. Wa tatu ndiye aliyepata akili ya kubaki juu na kupiga kelele. Kule machimboni walisema ni mwenye dhahabu, jini anayelinda mali yake, kadai chake. Wakachinja mbuzi, wakahamia shimo la pili, wakaendelea kuchimba.

Donatus alifika siku ya maziko, akasimuliwa habari hiyo mara moja tu, akaelewa pale pale kilichomwua ndugu yake. Alikuwa amekisoma chuoni, tena mtihani wake alishinda. Mshumaa uliofungwa kwenye kamba na kuteremshwa shimoni ungetosha kuwaambia: ukizimika njiani, mtu asiende. Aliwaangalia waombolezaji, akawaza kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambiwa jambo hilo, na Marcel, ndugu wa mwalimu wa sayansi, alikuwa mmoja wao. Wazo hilo lilipita kichwani mwake bila kugusa kitu. Akatupa udongo kaburini, akarudi kazini.

Miezi michache baadaye serikali ikaanza kutoa fedha za sayansi kwa shule za kati. Si shule zote. Mkono wa serikali ni mrefu kwenye kupokea, kwenye kutoa huwa una kiwiko. Zilichaguliwa shule chache za majaribio, na Nyamigunga ikabahatika kuwamo. Mkaguzi wa shule alivileta vyombo mwenyewe kwa lori dogo, ndani ya masanduku ya mbao yaliyojazwa nyasi kavu: vioo vya kila umbo, mizani ya shaba na mawe yake, taa za spiriti, vipimajoto, na kioo kimoja kikubwa chenye umbo la kengele.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mtu mzima, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wenyeji, ambao wengi wao nyumbani waliongea Kisumbwa na Kisukuma. Alisimama mbele ya Mtemi na wazazi, akaeleza mambo waziwazi. Vyombo vile ni mali ya serikali, vimewekwa mikononi mwa shule kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha atarudi kukagua. Akiridhika, vyombo vitabaki, na serikali itatoa fedha za kujenga chumba cha sayansi chenye meza za saruji na maji ya bomba. Asiporidhika, vitahamia shule nyingine. Watu wakapiga makofi. Habari ya maji ya bomba Nyamigunga ilikuwa kubwa kuliko sayansi yenyewe.

Donatus alivitumia vile vyombo kama jembe la msimu. Kila wiki masanduku yalifunguliwa. Watoto waliwasha mshumaa, wakaufunika kwa kile kioo cha kengele, wakakaa kuuangalia unavyosinzia hadi unakufa. Alinunua magadi sokoni, akayamwagia maji ya ndimu ndani ya chupa ya kioo mpaka yakachemka yenyewe, kisha akaiinamisha chupa juu ya mshumaa unaowaka. Hakuna kilichoonekana kutoka, lakini mshumaa ulizimika. Msichana mmoja, Paskalia, binti wa mkulima wa tumbaku, akasema polepole, "Mwalimu, kumbe hewa inamiminika kama maji."

"Inamiminika," Donatus akamjibu. "Na kama maji, inapenda mashimo."

Baada ya siku ile hakufundisha tena peke yake. Watoto walifanya, yeye akatazama. Kaka zao wengi walikuwa Geita, na wavulana wakubwa darasani walikuwa wanahesabu miezi tu ili wawafuate. Wakachimba shimo nyuma ya shule, wakateremsha mshumaa kwa kamba, wakaandika waliyoyaona. Vioo vikashika masizi, taa zikawa nyeusi kama mafiga, shaba ya mizani ikapauka kwa jasho la vidole. Donatus hakuona furaha. Lakini kulikuwa bado na kitu kimoja duniani alichokitaka, naye alishangaa kukigundua, kama mtu anayekuta sarafu katika nguo ya zamani: alitaka vyombo vile vibaki.

Siku ya ukaguzi ikakaribia. Mwalimu Mkuu, Bartholomeo, mtu mwangalifu aliyetembea kana kwamba amebeba mayai, aliita walimu ofisini. Alikuwa Msukuma wa ukoo wa wafugaji, na aliwaeleza jambo lile kama alivyolielewa yeye.

"Mtu akikuwekesha ng'ombe wake," alisema, "maziwa utakunywa, hilo analijua, na hakulaumu. Lakini siku anapokuja kuwaona hutaki akute alama ya nira shingoni. Ukimwonyesha alama, unamwambia nini? Unamwambia umemchosha mnyama wake. Atafungua kamba aondoke naye."

Walimu wakaitikia kwa vichwa. Donatus naye akaitikia. Alikulia kwa watu wanaofikiri hivyo hivyo.

Kazi ya kusafisha aliichukua mke wa Mwalimu Mkuu, Bernadina, ambaye wote walimwita Mama Mageni. Hakuwa amesoma, lakini kwa usafi hakuwa na mpinzani kutoka pale hadi Nyahanga. Alikusanya wanawake wa pale shuleni, wakaketi uani na majivu yaliyochekechwa, magunzi, ndimu na matambaa. Walisugua siku nzima na siku iliyofuata. Ile kengele ya kioo ilikuwa imeungua masizi ndani kwenye kipembe ambacho mkono wa mtu mzima haufiki. Mama Mageni akafunga tambaa kwenye kijiti, akakisugua mpaka akaona uso wake. Mawe ya mizani aliyang'arisha moja moja kama shanga za bibi harusi. Kwa kuwa tambi za taa zilikuwa zimeungua, alimtuma mtu dukani kwa Muhidini kuleta tambi mpya, nyeupe.

Donatus alipita pale akasimama. Kwa muda mfupi lilimjia wazo la kusema, Mama Mageni, kimoja kiacheni na weusi wake. Hakujua kwa nini alitaka kusema hivyo. Na mwanamke akiwa amekuinamia kazi kutwa nzima, unaanzaje kumwambia uchafu ulikuwa na faida?

"Mwangaluka, Mwalimu," Mama Mageni akamsalimu bila kuinua kichwa. "Usisimame juani. Njoo uone kama kuna doa."

"Hakuna doa, Mama Mageni."

"Angalia vizuri. Macho yenu ya vitabu hayaoni masizi."

Akaangalia vizuri. Hakukuwa na doa. Akasaidia kuvirudisha kwenye masanduku, kila kimoja katika nyasi zake, kama vilivyokuja.

Asubuhi ya ukaguzi, kabla ya kengele ya darasani, Mwalimu Mkuu aliwapanga wanafunzi akawapa neno la mwisho. "Mkiulizwa, semeni vyombo vimetunzwa. Asijitokeze mtu kusema mimi nilishika hiki, mimi nilichoma kile. Mwenye mali hapendi kusikia mikono mingi imepita. Mmesikia?" Wakajibu kwa pamoja kuwa wamesikia, na walikuwa wamesikia kweli.

Mkaguzi alifika na lori lile lile. Aliamkiwa, akapewa kiti, akasema atakunywa maji baadaye. Masanduku yakafunguliwa mbele ya darasa. Aliinua kengele ya kioo, akaingiza kidole mpaka kwenye kipembe, akakitoa, akakiangalia. Akachukua taa, akagusa utambi. Akafungua kisanduku cha mawe ya mizani, nayo yakamwakia usoni. Hakusema kitu. Mwalimu Mkuu aliuona ukimya ule, moyo wake ukajaa.

"Vimetunzwa," Mkaguzi akasema mwishowe.

"Tumejitahidi, Bwana. Hata kimoja hakikuvunjika."

"Naona," Mkaguzi akasema. "Hata utambi haujawashwa."

Mwalimu Mkuu akatabasamu, kwa maana sauti ilikuwa ya upole. Donatus ndiye aliyeelewa. Alielewa yote kwa mara moja, kama siku ya maziko, na kama siku ile hakuna kilichotikisika ndani yake. Alijua kwamba hapa mtu anatakiwa kuogopa. Akangoja woga uje, haukuja.

"Bwana," akasema, "tulivitumia. Kila wiki."

Mkaguzi alimgeukia. Alikuwa ametembelea shule nyingi, na katika nyingi alikuwa amekuta masanduku yamefungiwa stoo kama mahari ya mtu, watoto wakichorewa vyombo ubaoni. Alijua pia jinsi walimu wanavyojibu wakikutwa hivyo. Hakukasirika. Aliliinulia darasa ile kengele.

"Nani kati yenu amewahi kushika kioo hiki?"

Hakuna mkono ulioinuka. Akauliza tena, taratibu zaidi, akitabasamu. Watoto wakamtazama Mwalimu Mkuu.

"Inueni mikono," Donatus akawaambia. "Walioshika wainue."

Mtoto ana masikio mawili, lakini mkuu ni mmoja. Mvulana mmoja wa nyuma aliinua mkono hadi usawa wa shavu, akajikuna sikio, akaushusha.

"Basi, basi," Mkaguzi akasema, kwa kuwa hakupenda watoto wahangaishwe. "Nielezeni tu mnachojua. Nikifunika mshumaa kwa kioo hiki, itakuwaje?"

Hilo hawakukatazwa. Paskalia alisimama, akaeleza. Alieleza mshumaa unavyokula sehemu ya hewa na kufa sehemu hiyo ikiisha. Alieleza hewa nzito isiyoonekana, inavyomiminika, inavyolala mashimoni, na jinsi mtu anavyoteremka na kulala asiamke tena. Alieleza kamba na mshumaa. Alisema ukizimika, hata kama chini kuna dhahabu, hata kama chini yuko ndugu yako, usiteremke. Kwanza itafutie hewa njia ya kuingia. Aliongea kwa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani kwao, bila kukwama popote, akakaa.

Donatus alikuwa anaangalia sakafu. Kama angekuwa mzima, hapo angejivuna. Mkaguzi alijivuna kwa niaba yake.

"Nani amekufundisha haya?"

"Mwalimu Donatus."

"Mwalimu," Mkaguzi akasema, na sasa macho yake yalikuwa na heshima ya kweli, "sijasikia jibu kama hilo katika jimbo zima. Na umewafundisha hivi kwa chaki."

"Kwa vyombo hivi, Bwana. Niruhusu nikuonyeshe."

"Usiwe na wasiwasi. Sikuja kumfukuza mtu kazi. Kwamba wewe unaweza, sina shaka hata kidogo." Akafunika sanduku la mizani kwa mkono wake mwenyewe, akatoka nje.

Donatus alipaswa kusema, Paskalia aonyeshe, siyo mimi. Mikono iliyokwisha kufanya kazi haifanani na mikono inayoanza, na mtu kama yule Mkaguzi angeona. Donatus alilipata wazo hilo, likiwa zuri na kamili, wakati Mkaguzi ameshafika kwenye lori. Hivyo ndivyo mambo yalivyomfikia tangu msiba: yalikuja yote, ila yalikuja yamechelewa.

Nje, Mkaguzi aliwaeleza Mwalimu Mkuu na Donatus uamuzi wake, naye alidhani anawapa sifa. Fedha za serikali za sayansi ni kidogo, alisema, na shule ni nyingi. Kuna shule upande wa Shinyanga ambako mwalimu anajitahidi lakini watoto hawaelewi kitu. Wale wanahitaji vyombo. Shule inayoweza kufundisha hivi bila kufungua sanduku haina haja navyo kwa sasa, na chumba kitajengwa huko vyombo vinakokwenda. Ataandika habari za Mwalimu Donatus kwa wakubwa. Pengine mbele ya safari watamfikiria.

Mwalimu Mkuu alikuwa amebadilika rangi. Sasa naye alikuwa ameelewa. Donatus akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie vilisuguliwa. Wewe atakuamini."

"Niseme tulivichafua?" Bartholomeo akanong'ona. "Niseme vilikuwa vyeusi hata tukakesha tunaficha? Mbele ya serikali, Donatus?" Akafuta uso kwa leso, akamgeukia Mkaguzi, akamshukuru kwa niaba ya shule.

Masanduku yakapakiwa. Dereva, mtu wa pwani aitwaye Zamoyoni, alimwambia Donatus barabara ya Shinyanga ni mbaya na vioo ni vioo, hivyo wavifunge upya. Donatus akapanda ndani ya lori. Alichomeka nyasi pembeni mwa kila chombo, akakijaza kile kioo cha kengele nyasi laini tumboni, akakifunga kwa tambaa, akakitikisa kidogo kusikiliza kama kinagonga popote. Hakikugonga. Alifanya kazi ile vizuri sana. Mkaguzi alipita kuangalia, akamwambia hajaona mtu anayejua kufunga vioo namna hiyo, na Donatus akasema asante.

Lori likaondoka. Vumbi likatua. Mwalimu Mkuu aliingia ofisini akafunga mlango, na wanafunzi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Wavulana wakubwa walipita karibu na Donatus bila kelele. Mmoja akamwuliza kama wiki ijayo kutakuwa na sayansi. Akamjibu itakuwapo.

Njia ya nyumbani kwake ilipita uani kwa Mwalimu Mkuu. Mama Mageni alikuwa mlangoni, amejifunga kanga mpya. Alikuwa amempikia mgeni kuku na wali, na mgeni aliondoka bila hata kunawa mikono, lakini hilo halikumkasirisha. Wakubwa wana haraka zao. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Amesemaje, Mwalimu? Ameuona usafi?"

Donatus akasimama. Mikono ya yule mama ilikuwa imechubuka kwa majivu na ndimu, na kwenye viungo vya vidole ngozi ilikuwa imepasuka, ikapakwa samli.

"Ameuona, Mama Mageni."

"Kasema nini? Baba Mageni kajifungia ofisini hasemi neno, kwani ndivyo alivyo, akifurahi anafunga mdomo. Niambie wewe."

"Amesema vimetunzwa," Donatus akasema. "Vimetunzwa kana kwamba havijaguswa na mtu."

Mama Mageni akacheka, akapiga makofi mara moja, akaishika mikono yake kifuani kama mtu anayeikumbatia. "Nilijua. Nilisema kile kipembe lazima atakitazama. Na masanduku nimeona wamepakia, wanawapelekea wengine?"

"Wanawapelekea wengine."

"Waende wakajifunze utunzaji." Akamsogelea, akapunguza sauti, kwa kuwa alikuwa na ombi. "Mwalimu, hicho chumba kikijengwa, usafi wake niachieni mimi. Sitaki malipo. Nataka tu niwe naingia mle asubuhi kabla yenu."

Donatus alitaka kumjibu ndiyo. Neno lilikuwa fupi na alishasema uongo mgumu kuliko huo. Lakini kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikapita kifuani kikimchana, akafungua mdomo na kilichotoka hakikuwa neno. Akashika nguzo ya baraza. Iliuma, ganzi ilikuwa imemwachia, na ikauma yote pamoja, yule msichana aliyesimama akaeleza bila kukwama, mikono ile iliyochubuka, na Marcel akiwa chini, akilala. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mchana kweupe, machozi na makamasi.

Mama Mageni alimtazama, macho yake mwenyewe yakalowa. Alikuwa ameona watu wakilia kwa furaha, hasa watu waliovumilia sana. Akamwacha alie, akaingia ndani kumpakulia chakula cha mgeni.